Nyota za Makaa

Katika Kiswahili, mtu akiitwa kigeugeu ametukanwa. Hatumwiti hivyo mtu aliyebadilika mara moja kwa sababu inayoeleweka. Tunamwita hivyo yule ambaye leo yuko huku, kesho yuko kule, na keshokutwa hujui umtafute wapi. Ndiyo maana nilipokuta, katika maandishi ya watu wanaojitahidi kuifundisha falaki kwa lugha yetu, kwamba nyota ambayo mwanga wake hupungua na kuongezeka huitwa "nyota geugeu", nilishikwa na hasira ya mtu aliyesikia jirani yake mwema akisingiziwa. Wengine huandika "nyota badilifu", na neno hilo lina adabu zaidi. Lakini hata hilo linatueleza tu kwamba kitu kinabadilika. Halituelezi kwamba kinarudi.

Nyota ninazozisema ni nyota za kaboni. Ni nyota kongwe, nyekundu, zilizovimba, ambazo katika angahewa yake kaboni imeizidi oksijeni. Nyingi kati yake hupumua: hutanuka na kusinyaa, na pumzi moja huweza kuchukua mwaka au zaidi. Mojawapo iliyo jirani huitwa R Leporis, nayo imo katika kundinyota la Sungura, chini ya miguu ya Jabari. John Russell Hind alipoiona kwa darubini kule London mwaka 1845, aliifananisha na tone la damu. Kutoka kilele kimoja cha mng'ao wake hadi kingine hupita takriban siku 430, kisha huanza upya. Ikiwa kileleni, mwenye macho makali aliye mahali penye giza huweza kuiona bila chombo. Ikififia, hata darubini ndogo huitafuta kwa taabu. Huku kwetu Chiwata, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, nyota hiyo hupita karibu na utosi. Mwezi wa Oktoba ukitoka nje saa kumi za usiku, ipo hapo juu yako. Inafifia kwa zamu, inarudi kwa zamu, na imefanya hivyo tangu siku za Hind. Laiti wadeni wangu wangekuwa na ugeugeu wa namna hiyo.

Neno hili lisingenisumbua kiasi hiki kama ningekuwa naandika kwa ajili yangu peke yangu. Nilikuwa natafuta maneno ya kumpa mjomba wangu.

Mjomba ni kaka yake mama, na kwetu mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu tu. Ni mwenye sauti katika ukoo. Alichonga mpingo kwa miaka mingi kule Mwenge, Dar es Salaam, kisha akarudi Chiwata na tezo, patasi na tupa zake ndani ya mfuko wa saruji. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla. Kwanza zilipotea pembe za vitu, halafu katikati, na sasa hutambua mchana na usiku kwa joto la ngozi na kwa kelele za kuku. Bado anachonga. Vidole vyake huujua mpingo kuliko macho yangu yanavyoujua. Lakini jioni, tukishakula, huniuliza swali ambalo mwanzoni nililichukulia kama maongezi ya mzee na baadaye nikatambua kwamba ni amri: "Mpwa, hapo juu kuna nini leo?"

Basi humwambia. Kilimia anakijua, maana mama yake alilima kwa kukitazama, na jina lenyewe limetoka katika kulima. Jabari anaijua. Zuhura anaijua. Siku moja nikamwambia kwamba upande wa kusini kuna mawingu mawili hafifu yasiyosogezwa na upepo, moja kubwa na moja dogo, na kwamba wanafalaki huyaita Mawingu ya Magellan. Aliniuliza ni mvua? Nikamjibu kwamba ni nyota, nyingi na mbali mno, hata jicho halizitenganishi. Lile kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na lile dogo 200,000. Nikatamka neno galaksi.

"Hilo ni jina la basi," alisema.

Sikuweza kumlaumu. Galaksi ni neno halali, nami nalitumia, lakini kwa mtu asiyeona ni mlango uliochorwa ukutani. Na galaksi hizo zikiwa ndogo, kamusi hutushauri tuongeze "kibete". Nilipolitamka hilo, mjomba alikunja uso. Kibete ni neno la kumcheka mtu barabarani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza: kama ile kubwa tuliyomo ni mji, hizo ndogo si ni vijiji? Sijapata fasili bora kuliko hiyo. Kiswahili kimekuwa na chombo hiki siku zote: mji, kijiji. Njia Nyeupe yetu ni mji wa nyota bilioni mia moja au zaidi. Kuuzunguka kuna vijiji kadhaa, vingine vikiwa na nyota milioni chache tu, vimetawanyika gizani kama taa za vibatari zionekanavyo kutoka Newala, pale Shimo la Mungu, uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likalala chini yako hadi Msumbiji.

Sasa, katika vijiji hivyo vya nyota kuna viwili ambavyo nilipoyasoma majina yake nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Mwaka 1751 Mfaransa mmoja, Nicolas-Louis de Lacaille, aliwasili Cape Town kuzipima nyota za kusini. Alikuta sehemu za anga zisizo na majina katika vitabu vya Ulaya, naye akazipa majina ya vyombo vya mafundi na wanasayansi wa wakati wake: saa, bikari, darubini. Sehemu moja aliiita karakana ya mchonga sanamu, ambayo leo huitwa Mchongaji kwa kifupi. Nyingine aliiita Tanuri. Karne mbili hivi baadaye, mwaka 1938, Harlow Shapley wa Harvard alitangaza kwamba katika picha zilizopigwa kwenye kituo cha Boyden, karibu na Bloemfontein, Afrika Kusini, kumeonekana doa hafifu la nyota ndani ya eneo la Mchongaji, na jingine ndani ya Tanuri. Yalikuwa ni vijiji vya nyota vya aina ambayo haijawahi kujulikana. Cha Mchongaji kiko umbali wa miaka ya nuru 280,000 hivi. Cha Tanuri kinakaribia miaka 460,000.

Usiku wa manane wa Oktoba, msimu wa korosho unapoanza, kijiji cha Mchongaji huwa juu kabisa upande wa kusini mwa Chiwata. Chini yake, kuelekea upeo, ndipo lilipo lile Wingu Dogo. Wingu unaliona. Mchongaji huoni kitu: weusi mtupu. Nilipomweleza mjomba hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hata wewe huoni?" Nikamjibu sioni, na hakuna mwanadamu awezaye kukiona kwa macho yake matupu. Sijui kama nilimfariji. Sikuwa na nia hiyo. Ila tangu usiku ule nilijua kwamba mbele ya kijiji kile mimi na yeye tumekaa mkeka mmoja, na kilichobaki kati yetu na nyota zake ni maneno. Kwa hiyo maneno yalipaswa kuwa ya kweli.

Nikaanza na kaboni. Hili pia ni neno halali na bubu. Lakini kaboni ni nini jikoni? Ni makaa. Ni masizi chini ya sufuria. Nyota hizi zina masizi kwelikweli; si mimi ninayetafuta mifano. Uso wake una joto la nyuzi kati ya 2,000 na 3,000 za selisiasi, kama nusu tu ya joto la uso wa Jua au pungufu, na hewa inayopeperuka kutoka kwake ikishapoa, kaboni yake huganda ikawa chembe za masizi yanayoifunika nyota. Padri Angelo Secchi wa Roma, alipokuwa akizigawa nyota kwa rangi na mistari ya mwanga wake katika miaka ya 1860, aliziweka hizi nyekundu katika kundi lake peke yake, na alama alizozitambua katika mwanga huo zilikuwa za kaboni. Basi nilisema "nyota za makaa". Msomaji mwangalifu atanikumbusha kwamba nisiseme "nyota ya kaa", maana hapo mpiga ramli wa gazetini ataniambia bahati yangu ya wiki: Kaa ni Saratani. Wingi unatuokoa.

Makaa hayo yametoka wapi? Hapa nilipata msaada kutoka kwa mama zetu. Ndani kabisa ya nyota kongwe, heliamu huungua ikawa kaboni: viini vitatu vya heliamu hushikamana kuwa kimoja. Kaboni hiyo ingebaki kilindini milele kama nyota isingekuwa na tabia ya kuchota. Kila baada ya muda, tabaka zake za juu hushuka chini, zikachukua kiasi cha kaboni, zikapanda nayo hadi usoni. Anayejua uwanda wa Makonde hahitaji kuelezwa zaidi. Juu kuna udongo mzuri na muhogo na mikorosho, lakini mito hakuna. Maji yako chini, mabondeni, na vizazi vya wanawake vimeteremka genge alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Nyota ya makaa inafanya safari hiyohiyo.

Na sasa fikiri kuna mitungi miwili, mkubwa na mdogo. Safari tatu za maji hazijazi mkubwa, mdogo umeshafurika. Katika mji wetu mkubwa wa nyota, oksijeni ni nyingi, na oksijeni ina wivu: kila chembe ya kaboni ikipanda, oksijeni huikamata, wakafungamana. Nyota huhitaji kuchota mara nyingi sana kabla kaboni haijaizidi oksijeni, na nyingine hufa kabla ya kufika. Katika vijiji mambo ni tofauti. Vijiji vya nyota ni maskini. Wanafalaki husema vina upungufu wa metali, na hapa washairi wenzangu wataudhika, kwa maana watu hao huita metali kila kitu kilicho kizito kuliko heliamu, oksijeni ikiwemo! Tuwaachie lugha yao. Maana ni kwamba nyota ya kijijini huzaliwa na oksijeni kidogo, na safari chache tu za kuchota huigeuza kuwa nyota ya makaa. Ndiyo sababu, ukilinganisha na nyota nyingine nyekundu za umri huo, zile za makaa huwa na fungu kubwa zaidi katika vijiji maskini kuliko mjini. Wingu Kubwa peke yake lina maelfu yake.

Mjomba aliipenda sehemu hii kuliko zote. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli kwamba umaskini wa kijiji ndio unaozifanya nyota zake ziwe nyekundu. Nikamjibu ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Akataka nirudie habari ya mitungi.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza jinsi watu walivyozipima nyota hizo kama zimejifunika masizi. Nilihangaika na "mwanga wa infraredi" kwa jioni mbili. Ya tatu, shangazi alikuwa ameepua chai na kuacha jiko pembeni, makaa yamevaa majivu meupe. Mjomba alinyoosha kiganja akasema moto bado upo. Mimi nilikuwa nalitazama jiko lilelile na sikuona hata chembe ya wekundu. Nikamwambia: mjomba, ndivyo wanavyofanya. Masizi huuzuia mwanga wa kuonekana, lakini hayawezi kulizuia joto. Huota moto wa nyota ndani na kuutoa nje kama joto, nayo ipo darubini iliyotengenezwa kuhisi joto hilo, kama kiganja chako.

Darubini ninayoisema iko Sutherland, katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini. Kioo chake kina upana wa mita 1.4, nayo ilijengwa kwa ushirikiano na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Nagoya na kuanza kazi mwaka 2000. Kwa miaka kadhaa Patricia Whitelock, John Menzies, marehemu Michael Feast na wenzao waliirudisha tena na tena kwenye vijiji hivyo, cha Mchongaji, cha Tanuri na vingine vya mbali zaidi, wakitafuta nyota zinazopumua. Ni kazi ya subira. Nyota yenye pumzi ya siku 400 haikupi habari yake kwa usiku mmoja wala kwa mwaka mmoja. Unapiga picha, unaondoka, unarudi baada ya miezi, unapiga nyingine kisha unalinganisha.

Na kwa nini wajisumbue? Kwa sababu ya ule uaminifu niliousema. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, aliyekuwa akikagua picha zilizopigwa Arequipa, Peru, alionyesha kwamba katika Wingu Dogo kuna nyota za aina fulani ambazo kadiri pumzi yake ilivyo ndefu ndivyo mng'ao wake ulivyo mkubwa. Hizo si za makaa. Lakini mwaka 1981 Ian Glass na Tom Lloyd Evans, nao wakiwa Afrika Kusini, walionyesha kwamba hata nyota nyekundu zenye pumzi ndefu, zile zilizomo katika Wingu Kubwa, zina kanuni ya namna hiyo. Hapo ndipo nyota ya makaa inapokuwa kipimo. Hesabu siku zake, utajua ana nguvu kiasi gani huko aliko. Linganisha na udogo wa joto linalokufikia, utajua yuko umbali gani. Mwenye kubadilika bila mpango asingeweza kukupa hesabu hiyo.

Kwa hiyo nimeamua, na kila mtu ana ruhusa ya kunipinga: nyota zinazopumua kwa kipindi nitaziita "nyota za majira". Majira ni wakati, ni msimu, na kwa Mswahili wa zamani ni saa yenyewe. Zipo nyota zisizo na kalenda, zinazofifia na kurudi zipendavyo. Hizo zichukue ugeugeu wao, sina ugomvi. Mtu wa mizani atasema kwamba "nyota geugeu", "nyota za makaa" na "nyota za majira" zote zina mizani sita, kwa hiyo shairi halitaona tofauti. Ni kweli. Mizani haisemi ni neno lipi la haki. Hiyo ni kazi ya mshairi mwenyewe.

Nilijaribu. Ubeti mmoja tu ndio uliosimama, nao ni huu:

Kaa li chini ya jivu, jichoni halikuwaka,
Kiganja kivumilivu, joto lake chalishika,
Nyota nayo ina wivu, masizi ikajivika,
Haijui upotovu, zamu yake ikifika.

Nilimsomea mjomba. Fikra zake nyingi hukaa katika Kimakonde, na Kiswahili chake ni cha Mwenge, chenye wateja na bei ndani yake, basi sikutarajia asifu vina. Alisema mshororo wa pili ni wake, na kwamba nisiuuze. Kisha akaniomba gogo la mpingo lililo nyuma ya ghala, lile lenye ufa.

Analichonga sasa kwa mtindo ambao mafundi wenzake huuita mawingu, usio na sura ya mtu wala ya mnyama, wenye mikunjo na matundu tu. Hunipa nilishike gizani, taa ikiwa imezimwa, na hukasirika nikisogea kuelekea dirishani. Kuna tundu moja amelizungushia mikunjo saba, kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia, na ndani yake ameacha kidonge cha mti kisichoshikana na chochote. Ukiinamisha gogo kinagonga upande mmoja, ukiliinua kinagonga mwingine. Juzi aliniuliza siku 430 ni miezi mingapi. Nikamwambia kumi na minne na siku kadhaa. Akahesabu mikunjo yake kwa kidole gumba, akahesabu tena, akasema bado saba, akaomba tupa.